Jina Langu Liko Kazini

Mtu ninayetaka kumwelezea hapa hakupenda kutajwa jina, nami sitalitaja. Mtaani kwetu, upande wa Kariakoo unaoteremkia Msimbazi, wakubwa kwa wadogo tulimwita Mtani. Mgeni akimwuliza, "Bwana, jina lako nani?" alijibu bila kutabasamu, "Jina langu liko kazini. Wewe niite Mtani." Watu waliokuwa karibu walicheka. Mimi sikucheka. Kazi yangu ni kutengeneza mizani za wenye maduka, na kazi hiyo humzoeza mtu kutazama mkono kabla ya kutazama uso. Anayeficha jina, nilijiambia, anaficha na jambo jingine.

Niseme mapema nilichokuwa nikimshuku. Kwa miaka niliamini kwamba Mtani anakula haki ya mjane. Mjane huyo alikuwa Bi Tatu, jirani yangu, ambaye mumewe Hamisi aliuawa na mzigo bandarini, ndani ya tishari, ile mashua pana inayopokea shehena kutoka melini. Kampuni ya matishari ilikuwa na desturi ya kuwapa wafiwa fungu la fedha. Bi Tatu alilisubiri fungu hilo kwa sababu moja iliyo wazi: Hamisi alikuwa ameanza kibanda huko Msimbazi, kuta zimesimama, paa hakuna, na mwenye kiwanja alisema kisipomalizika na kodi isipolipwa atampa mtu mwingine. Fungu halikuja. Kila Bi Tatu alipokwenda kulifuata, alitoka mtaani pamoja na Mtani, na kila aliporudi mikono mitupu Mtani alikuwa pembeni yake. Hicho ndicho nilichokiona kwa macho. Mengine niliyajaza mwenyewe.

Utani wake ulikuwa wa kweli. Yeye Mzaramo, mwenye mji; sisi Wanyamwezi, watoto wa wapagazi waliobaki pwani safari zilipokwisha. Baina yetu na wao kuna utani wa tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakweo, kukunyang'anya kofia na kukataa kuirudisha mpaka uikomboe. Ana wajibu pia. Ukifiwa, yeye ndiye anayechimba kaburi na kuteka maji, na ndiye anayewachekesha wafiwa mpaka wakumbuke kwamba wana njaa. Wanyamwezi wengi wa mjini hawakuwa na ndugu hata mmoja hapa. Aliyewazika ni yeye.

Nimemwona akivaa kanzu ya marehemu na kuiga mwendo wake, kikohozi chake, hata namna alivyokuwa akipatana bei ya samaki, mpaka mjane akacheka huku machozi yanamtoka. Nimemwona akijilaza kaburini na kukunja mikono.

"Sitoki," alisema. "Mnyamwezi huyu kafa na muhogo wangu tumboni. Nilipeni kwanza."

Watu wakamtupia senti. Shehe aliyekuja kusali akakunja uso.

"We mtu, swala tano huzikosi. Upumbavu huu utauacha lini?"

"Shehe, swala ni mambo yangu na Mungu. Upumbavu ni wa Wanyamwezi, mimi nawahifadhia tu."

Hata shehe aligeuka upande kuficha meno.

Kwa sababu hiyo tulishangaa siku ya kumzika Hamisi. Mtani alifika tumekwisha kuanza, miguu imejaa vumbi. Kutwa nzima alikuwa Magomeni kwenye mazishi mengine, na habari alizipata njiani. Tulingoja aanze vituko vyake. Hakuanza. Alichukua jembe mkononi mwa mtu akachimba kimya mpaka kaburi likawa tayari, kisha akakaa chini mle ndani, mikono juu ya magoti, wala hakudai kitu. Mmoja wetu akamtupia senti kumchokoza. Akaiokota akairudisha juu.

"Toka basi, mtani," mtu alimwambia. "Maiti anangoja."

Akainua uso akatutazama mmoja mmoja. "Maiti ni mimi. Leo nimezikwa mimi."

Tukacheka sana, tena kwa faraja, tukidhani ameanza. Alitoka, akajipangusa mchanga, akamshusha Hamisi kwa mikono yake. Hakusema jingine mpaka tuliporudi matangani.

Wiki ileile aliacha kazi ya bandari. Jambo hili ndilo lililonitia shaka ya kwanza. Makuli wa matishari walikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na wenye namba, ambao kampuni iliwajua kwa majina na kuwaita kila asubuhi langoni, na kulikuwa na wengi wasio na namba, waliosimama nje wakingoja mtu apungue. Mtani alikuwa na namba. Watu waliomba dua kwa miaka wapate namba, na yeye aliiacha kama mtu anayeacha kiatu kilichokatika, hata ujira wa siku zake za mwisho hakwenda kuudai. Alinyoa ndevu, ambazo zilikuwa fahari yake, akaanza kuezeka mapaa ya makuti.

Kazi ile aliiweza. Alifunga makuti yake karibukaribu, na nyumba aliyoiezeka haikuvuja masika mawili. Lakini mtu anayefanya kazi juu ya mapaa anaona ua wa kila mtu. Alijua nani kapika nini na nani hakupika. Alijua nani kampokea mgeni mlango wa nyuma. Hakusema, ila alipokutania ulihisi kwamba anajua zaidi ya anavyosema, na hilo halikunipendeza. Nilitoka uani siku moja nikamkuta ameketi juu ya paa la jirani, kimya, ananitazama nikichomeka kipande cha madini ya risasi chini ya sahani ya mizani.

"Unaiba au unatengeneza?" aliuliza.

"Nasawazisha."

"Haya, sawazisha. Mungu anaona, na mimi niko karibu zaidi."

Mtu huyu ambaye hakuogopa maiti aliogopa barabara ya bandarini. Mwenye duka mmoja wa Kihindi alimtaka akaezeke kibanda cha walinzi karibu na maghala, kwa ujira mzuri. Mtani alikataa.

"Upepo wa huko unanipa homa," alisema.

Alisema hivyo akiwa anakaa bondeni Msimbazi, kwenye tope, ambako mbu walikuwa wakubwa kama nzige. Nilikumbuka maneno yale kwa muda mrefu.

Karibu kila asubuhi alipita barazani kwangu kunitukana kabla ya kwenda kazini.

"Fundi, umeamkaje, mchukuzi wangu? Mzigo haukukuangukia?"

"Mimi sichukui mizigo."

"Baba yako alichukua. Nyinyi mnazaliwa shingo zimekwisha kuingia ndani."

"Na nyinyi mnazaliwa mmeshika muhogo."

"Muhogo unaliwa. Shingo fupi inafaa nini?"

Sikuwa hodari wa utani. Nilijifunza kusoma peke yangu kwa makaratasi ya kufungia sukari na magazeti ya jana, na labda nilijifunza pia ukavu wa makaratasi. Alipomaliza kucheka nilimwuliza ninachotaka kujua.

"Bi Tatu kalipwa?"

"Bado."

"Mbona unamsindikiza mpaka kona tu, halafu unamwacha aingie ofisini peke yake?"

"Karani hanipendi."

"Anakujua?"

Akanitazama zaidi kidogo kuliko kawaida yake. "Siku hizi mizani yako inapima na maneno ya watu?" Akachukua kamba zake akaenda.

Kuhusu fungu lenyewe, habari zilikuwa hizi. Mara ya kwanza Bi Tatu aliambiwa bwana mkubwa amekwenda Ulaya, angoje arudi. Bwana mkubwa aliporudi, aliambiwa kampuni haiwezi kulipa mpaka Boma, ofisi ya serikali, iseme mrithi ni nani. Boma ikasema lazima jumbe wa kijijini kwa marehemu aulizwe. Masika yakakata njia. Jumbe akajibu, na jibu likakaa kwenye meza ya mtu. Kisha bwana mkubwa akabadilishwa, na mpya akataka aelezwe upya tangu mwanzo. Hakuna siku aliyoambiwa kwamba hatalipwa. Angeambiwa hivyo, angalau angelia mara moja akatafuta njia nyingine. Aliambiwa njoo. Kwa neno hilo aliuza kitanda cha Hamisi, akauza bangili za mkono wa kushoto kisha za kulia, akawa anakaanga vitumbua kabla ya alfajiri ili binti yake apate kula.

Nilipoona Mtani amepanda juu ya kibanda kile cha Msimbazi na kukiezeka, bila ujira, nilijua, au nilidhani najua, anachokitafuta. Kwanza paa, nilijiambia, kisha nyumba, kisha mwenye nyumba. Watu wengine walisema atamwoa. Sikuona ubaya wa ndoa. Ubaya niliouona ni wa mwanamume anayemweka mjane njaani ili akimchumbia asiwe na la kukataa.

Kilichomshusha kabisa machoni pangu ni msiba wa mama yake. Siku hiyo alikuwa juu ya paa langu. Shemeji yake, mwuza kuku aliyekuja sokoni kutoka shamba, akaingia uani na matenga yake. Alizungumza chini chini, lakini ua wangu ni mdogo.

"Shemeji, mama katutoka."

Mtani hakushuka mara moja. "Lini?"

"Jana magharibi."

"Wamemzika?"

"Leo, baada ya adhuhuri."

Jua lilikuwa bado la asubuhi. Kwao hakukuwa mbali. Mtu mwenye miguu angefika. Nikamwambia, "Nenda, mtani. Paa litangoja."

"Siwezi."

"Kama ni senti za njiani nitakupa."

"Si senti." Akamwambia shemeji yake, "Mwambieni anayechimba, mchanga wa kule ni mwepesi, aweke ubao." Kisha akageuka, akachukua kuti, akaendelea kufunga.

Alifunga mpaka alasiri. Mimi nilikaa chini nikisikia kamba zikikazwa. Mtu huyu alikuwa amewazika mama wa watu ambao hakujua hata walikotoka, na mama yake alimwachia mwuza kuku. Tangu siku hiyo hakuniudhi tena. Nilimdharau, na mtu unayemdharau humwulizi maswali.

Basi ikawa siku moja Bi Tatu anakuja barazani. Mtani alikuwa hoi kwa homa, na siku hiyo Bi Tatu ameitwa ofisini.

"Fundi, nisindikize," alisema. "Wewe unajua kusema nao."

Tulikwenda. Karani alikuwa kijana wa pwani mwenye koti juu ya kanzu, mpole, na nadhani upole wake ulikuwa umemchosha. Alimtambua Bi Tatu.

"Mama, umekuja."

"Nimeitwa, mwanangu."

"Marehemu nani vile?"

Bi Tatu akataja jina. Halikuwa Hamisi. Lilikuwa jina kamili la mwanamume ambaye sijapata kumsikia, na alilitaja bila kusita, kama mtu anayetaja siku ya juma.

"Mumeo?"

"Mume wangu."

"Bwana mkubwa amesema lije neno la mashahidi wawili mbele ya Liwali, watu waliomwona akizikwa aliyekufa kwenye tishari. Neno hilo likija, hana la zaidi." Akanigeukia. "Wewe nani wake?"

"Jirani."

"Ulikuwepo mazishini?"

"Nilikuwepo," nilisema, na hilo lilikuwa kweli.

Tulipofika nje nilimshika kwa maneno kabla hatujavuka barabara.

"Bi Tatu, mumeo aliitwa Hamisi. Mimi ndimi niliyeshika miguu yake tukimtoa nyumbani."

"Punguza sauti, Fundi."

"Huyo uliyemtaja ni nani?"

"Humjui?"

"Simjui."

Akacheka. Tangu afiwe sikuwa nimemsikia akicheka. "Amekuezekea nyumba. Anakutukana kila asubuhi. Leo anatetemeka kwa homa kwenye kibanda chake, na wewe humjui!"

Akanieleza tukitembea. Langoni mwa kampuni, asubuhi, serahangi anayesimamia makuli aliita majina ya wenye namba, na kila mmoja aliitika "Naam" na kuingia. Mwenye namba akiwa na homa au msiba, alimtuma mwenzake asiye na namba amwitikie. Aliyeitika alifanya kazi, ujira waligawana, na serahangi alipata chake ili asitazame nyuso. Kila kuli alijua jambo hili. Hamisi hakuwa na namba. Aliishi kwa kuitikia majina ya watu. Na aliyekuwa na misiba kuliko wote ni Mtani, kwa kuwa kila Mnyamwezi aliyekufa mjini alikuwa msiba wake. Siku ile alikuwa Magomeni anazika. Langoni likaitwa jina lake, na Hamisi akaitika. Kabla ya adhuhuri kamba ya winchi ikakatika.

Kwa hiyo kwa kampuni aliyekufa ni Mtani. Hamisi hawakumjua. Ukweli ungesemwa, Bi Tatu asingepata kitu, kwanza kwa sababu asiye na namba hana fungu, na pili kwa sababu aliyeitikia jina lisilo lake ni mdanganyifu.

"Tulipotoka mazikoni," Bi Tatu alisema, "alikuja akakaa mlangoni kwangu. Akaniambia, Shemeji, wamesema nimekufa mimi. Basi acha nife. Wewe kaa eda yangu, fungu likitoka ni lako."

Sikuamini upesi. Nilimwacha Bi Tatu kwake nikaenda moja kwa moja bondeni, huku naligeuza jambo lile kila upande. Mtu anaweza kukubali kufa kwa jina ili amsaidie mjane. Mtu anaweza pia kukubali kufa kwa jina ili apate malipo ya kifo bila kufa, na mjane akawa mkono tu wa kuyapokelea. Kwa nje mambo hayo mawili yanafanana kabisa.

Nilimkuta amejifunika gunia.

"Umekuja kunizika, Mnyamwezi?"

"Nasikia umekwisha kuzikwa."

Akainua kichwa. "Kakwambia."

"Fungu likitoka, lako kiasi gani?"

"Umeona wapi maiti anakula?"

"Nataka jibu."

"Hilo ndilo jibu." Akakohoa. "Fundi, wewe ukifa utamwuliza malaika Munkar kaburini uzani wa rungu lake."

Sikucheka. Nikamwuliza habari ya mama yake, na hapo utani ukamwisha. Akageukia ukuta wa udongo, akazungumza na ukuta.

Boma ilipotaka jumbe aulize kijijini kwake, alimtuma shemeji yake kwa mama na maneno haya: wakija, sema nimekufa mjini na nina mke huko. Jumbe alikuja na askari. Mama alilia mbele yao mpaka askari akamwombea maji.

"Alilia kweli," Mtani alisema. "Alijua hatanitia machoni mpaka kampuni ilipe. Mimi nilimwambia mwezi mmoja. Mwezi, Fundi! Nilidhani mtu akifa wanalipa. Nani alijua watakaa hivi?" Akavuta gunia. "Ningetokea mazikoni kwake, jumbe angekuwa pale pale mbele. Ningemzika mama na fungu la Tatu kaburi moja."

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Liwali alituita baada ya Ijumaa. Shahidi mwenzangu alikuwa kuli wa zamani ambaye alijua yote na alisema machache. Mimi nilikuwa nimekwisha kukusudia kwamba sitatamka neno la uongo mbele ya hakimu, na nilikuwa nimekusudia vilevile kwamba Bi Tatu hatatoka pale bila ushahidi. Nilikaa na makusudio hayo mawili siku kadhaa nikitafuta sentensi itakayoyabeba pamoja.

"Ulimwona akizikwa?" Liwali aliuliza. Alikuwa mzee mwenye macho makali, na nilihisi kwamba anatushuku sote.

"Nilimwona akizikwa mtu aliyekufa kwenye tishari."

"Ni nani?"

"Mume wa mama huyu."

"Una hakika ni mumewe?"

"Nimekaa nao ukuta kwa ukuta tangu harusi yao."

Liwali akatutazama, kisha akamtazama Bi Tatu na mikono yake isiyo na bangili. Alikuwa na nafasi ya kuuliza swali moja zaidi. Hakuliuliza. Nimejiuliza mara nyingi kama hakuliona au aliliona akaliacha.

Hata baada ya hapo kampuni ilikaa mwaka mzima. Mtani alipona homa akaendelea kuezeka, akaendelea kunitukana, na mimi nilianza kumjibu vizuri kidogo. Sikuwa na dharau tena, ila shaka ilikuwa na mizizi. Nilipopita Msimbazi, kwenye kibanda ambacho Bi Tatu alikuwa amekwisha kuhamia, nilimsikia akiita kutoka jikoni, "Marehemu! Chai inapoa," naye akishuka kwenye paa la mtu akijibu, "Naja, mjane wangu, wacha nife vizuri kwanza." Binti alicheka. Wapita njia walidhani ni wendawazimu.

Fungu lilitoka siku ya soko, bila onyo, kama lilivyozuiliwa bila sababu. Bi Tatu alirudi nalo limefungwa kwenye pindo la khanga, akitembea katikati ya barabara kama mtu aliyebeba mayai. Alilipa kodi ya kiwanja na kutia mlango, na mwenye kiwanja akaja kunywa maji kwake kwa heshima. Nilimwuliza Mtani amepata nini. Bi Tatu akanijibu kwa uso mkavu, "Fundi, hilo ni langu na marehemu wangu."

Muda si mrefu Mtani alihamia Magomeni. Nikasikia amejenga kibanda, na kwamba paa lake si la makuti. Ni la madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kitu ambacho mwezekaji makuti hakifanyi na maskini hakinunui. Mpaka leo sijui madebe yale yalitoka wapi. Bi Tatu hakuwahi kuoana naye.

Nilimwona mara ya mwisho nilipopeleka mizani kwa mwenye duka mmoja wa Magomeni. Alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, ndevu zimerudi, zote nyeupe. Nilimwamkia, akanikaribisha kwenye mkeka. Juu yetu madebe yalikuwa yakitatarika kwa jua.

"Jina lako limerudi kutoka kazini?" nilimwuliza.

"Limerudi limezeeka. Silitumii."

Alinieleza kwamba fungu lilipotoka alikwenda kwao. Wanawake walimwona kisimani wakatupa mitungi wakakimbia. Jumbe mpya alimwambia, "Wewe kwetu umekufa, bwana, na mimi nimekukuta hivyo." Kaburi la mama lilikuwa limetitia upande mmoja, kwa sababu hawakuweka ubao. Alilisawazisha. Alisomesha hitima, watu wakala, wakampa mkono, wakaondoka.

"Hakuna aliyenitukana," alisema. "Walisema msiba umepita zamani, watani wamekwisha kufanya yao. Nimekaa na msiba huu hapa, Fundi." Akagusa koo. "Nimewazika Wanyamwezi wangapi mjini hapa? Na Mnyamwezi gani kanifanyia mama yangu?"

Hakuniomba. Alisema hivyo tu, akatazama barabara.

Mimi si mtu wa vituko, nilikwisha kusema. Nilitafuta neno la kuchekesha sikulipata. Mwishoni nilinyoosha mkono nikamvua kofia yake, kofia ya viua iliyochakaa, nikaikalia.

"Mama yako alikuwa na mtoto mmoja wa kiume," nilisema, na sauti yangu ilinitoka vibaya, "na huyo naye maiti. Kamwachia mwuza kuku amzikie mama yake. Kofia hii hupati mpaka unilipe."

Akageuka. Alinitazama kwa muda, kichwa kitupu, kama mtu anayemtambua mtu kwa mbali. Kisha akatia mkono chini ya mkeka, akatoa shilingi nzima, akaiweka kiganjani mwangu.

Nikaitazama pande mbili. Nikaitia mdomoni, nikaiuma.

"Mnyamwezi, mwana wa mzigo wewe!" Mtani alifoka. "Hata shilingi ya mama yangu unaishuku?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mwenye duka akachungulia, na katikati ya kicheko kitu kikavunjika kifuani mwake, kikageuka. Alilia kwa sauti, mchana, mbele ya barabara, mikono juu ya magoti kama siku ile alipokaa ndani ya kaburi la Hamisi.

Nilingoja amalize. Kisha nikaikung'uta kofia, nikamvika. Shilingi sikumrudishia.